Asubuhi fowili haikuvuta, jioni haikutoka: kisa cha Land Cruiser moja ya Ngomeni

Gari yenyewe ni Land Cruiser pikapu, ile 75 series ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2. Mwenyewe ni kijana wa Malindi anayenunua samaki Ngomeni na kuwaleta mjini na barafu. Aliinunua ishapita mikono mingi, kitabu chake hakupewa, na kile kichwa cha leva ya fowili (yaani gari kuvuta kwa tairi zote nne) maandishi yote yashafutika, kumebaki kidude cheusi kitupu kinachong'aa. Kabla ya hii alikuwa na Pajero ya miaka ya tisini, na nusu ya balaa ninayotaka kueleza ilitoka kwa hiyo Pajero japo alishaiuza, kwa hivo ikumbuke.

Yote yalitokea siku moja. Mwanzo fowili ilikataa kufanya kazi mchangani, halafu ilipofanya ikakataa kutoka lamini, na mara zote mbili fundi wake alisema transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa ishushwe. Transfa haikuwa na kitu. Naandika kwa urefu manake kila mwezi utasikia mtu kafunguliwa transfa nzima, kapewa bili, na shida ilikuwa kwa habu au kwa tairi au kwa dereva mwenyewe.

Asubuhi. Kutoka Gongoni ukikunja kwenda Ngomeni barabara inapita kando ya mashamba ya chumvi, pale si pabaya kama hakuna mvua, ubaya uko mwisho ukishateremka pwani zinapotia nanga mashua, mchanga mwepesi na mkavu. Kijana alirudi rivasi mpaka karibu na samaki ili asibebeshe watu mbali, na alipotaka kuondoka ekseli ya nyuma ikazama. Akavuta leva. Taa ya fowili kwa dashibodi ikawaka, akakanyaga mafuta, tairi za nyuma zinachimba, za mbele zimetulia kama hazimo. Akaisogeza leva tena zaidi, sasa injini inanguruma na gari haijongei hata kidogo, si mbele si nyuma, akaona basi klachi nayo ishakwenda. Akaisogeza mpaka mwisho, gari ikapata nguvu ya ajabu, lakini nguvu zote nyuma, ikachimba mpaka difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kushoto na kulia, ikakalia mchanga.

Akampigia simu fundi wake mjini. Fundi bila kuona kitu akamwambia huo ni mnyororo wa transfa umekatika.

Hapo tusimame kidogo. Transfa ya 75 haina mnyororo. Ndani ni gia tupu zinasukumana, ndo sababu moja gari hizi zinadumu hivi. Mnyororo utaukuta kwa Pajero nyingi za Super Select, ule mfumo wa fowili wa Mitsubishi, na kwa baadhi ya gari nyingine, kwa hivo fundi alikuwa anatibu gari ambayo mteja alishaiuza.

Sasa soma alichokifanya kijana ukijua mpangilio wa leva ya Toyota hizi za zamani, ambazo zikiwa na maandishi husomeka H2, H4, N, L4. H2 ni tairi za nyuma peke yake, gia ya kawaida. H4 ni mbele na nyuma, gia ya kawaida. N ni huru, transfa haipeleki nguvu popote, hata giaboksi ikiwa kwa gia ya kwanza. L4 ni mbele na nyuma kwa gia nzito. Kwa hivo mvuto wa kwanza aliingiza H4 sawasawa, taa ikawaka. Wa pili akaangukia N, ndo ile "klachi imekwenda". Wa tatu L4. Leva ilifanya kila ilichoambiwa, na taa nayo haikusema uongo, manake switchi yake iko kwa transfa, kazi yake ni kusema kwamba ndani ya transfa propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwa ekseli, imeshikwa. Haijui lolote kuhusu kinachoendelea kule kwenye tairi.

Aliyeitatua ni mzee mmoja pale pwani, yeye hata hakutazama ndani ya gari. Akainama tairi ya mbele.

"Mwanangu, hizi habu ushazifunga?"

"Habu gani, mzee?"

Habu ya kushoto mshale ulikuwa LOCK. Ya kulia ulikuwa FREE.

Hii habu ni kile kikombe kilichotokeza katikati ya tairi ya mbele, kina kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Ikiwa FREE, tairi inazunguka peke yake na shafti iliyo ndani ya ekseli imekaa, hivo unapotembea lamini kwa H2 difu ya mbele na propela ya mbele vinapumzika, gari inakuwa nyepesi na kidogo cha dizeli kinaokolewa. Ikiwa LOCK, tairi na shafti vinakuwa kitu kimoja. Watu wengi wanaelewa kwamba zote mbili zikiwa FREE mbele haivuti. Wasichokielewa ni kwamba moja ikiwa LOCK na moja FREE matokeo ni yaleyale, sifuri. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi, na upande wa kulia shafti ilikuwa inazunguka bila kubeba chochote, basi mzunguko wote ukamalizikia huko, tairi ya kushoto iliyofungwa vizuri kabisa ikabaki inatazama. Nani aliigeuza moja? Pengine mtu aliyebadilisha tairi, pengine mtoto wa kuosha gari, hatutajua.

Na kuna hatari ambayo kijana aliponea chupuchupu. L4 inaongeza nguvu kwenda kwa tairi karibu mara 2 au zaidi kulingana na modeli. Nguvu hiyo imekusudiwa igawiwe ekseli mbili. Ukiwa na habu huru unaisukuma yote ekseli ya nyuma, na gari ina mzigo wa samaki na barafu na imezama, hapo ndo hafu shafti, zile shafti za ndani ya ekseli zinazozungusha tairi, zinapokatika. Kwa hivo usiingize L4 kabla hujashuka ukaziona habu zote mbili kwa macho.

Wakafunga ya kulia, wakachimbua mchanga mbele ya tairi zote nne na chini ya difu, wakapunguza upepo mpaka psi 20 hivi, akaingiza L4 gia ya pili, akatoka polepole bila kupiga mafuta. Hilo la upepo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tairi laini inatandaza mguu wake na kukalia mchanga badala ya kuukata, na mara nyingi ukipunguza upepo kabla hujateremka pwani hata hiyo L4 hutaihitaji, H4 gia ya pili na mwendo usiokatika inatosha.

Jioni ndo kisa chenyewe hasa.

Alipofika Gongoni akajaza upepo, vizuri. Akaitoa leva L4 akairudisha H4, na akaiacha hapo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakurudi H2 na kufungua habu alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba 4H ni ya barabarani, kwa Pajero alikuwa akikimbiza nayo mvua ikinyesha na haijawahi kumletea shida.

Na kwa Pajero ile alikuwa na haki. Super Select ina nafasi nne, 2H, 4H, 4HLc na 4LLc. Kwenye 4H kuna difu ya katikati kati ya propela ya mbele na ya nyuma, kila moja inaruhusiwa kuzunguka kwa mwendo wake, kwa hivo lami haina neno. Ukienda 4HLc difu hiyo inafungwa, na hapo hata Pajero haitakiwi kwenye lami kavu. H4 ya Land Cruiser 75 ni sawa na 4HLc ya Pajero, si sawa na 4H yake. Herufi zinafanana, mashine ndani ni nyingine. 75 haina difu ya katikati kabisa, ukiingiza H4 propela mbili zinakuwa zimefungwa pamoja, zizunguke sawa zitake zisitake.

Ubaya wake uko kwenye kona. Tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Piga hesabu, kutoka ekseli mpaka ekseli 75 ni karibu mita 3. Ekseli ya nyuma ikikata kona ya robo duara ikiwa mita 6 kutoka katikati ya duara, inatembea mita 9.4, na ya mbele inatembea mita 10.5. Zaidi ya mita 1 ya tofauti kwa kona moja, na propela zimeambiwa zizunguke sawa. Mchangani tairi inateleza kidogo tofauti inaisha hapohapo. Kwenye lami kavu haitelezi, basi tofauti inageuka kuwa msokoto kwenye propela, shafti na gia za transfa, unaongezeka kila kona, kama kamba unayoisokota ncha moja na nyingine umeishika.

Mpaka hapa mtu angeniambia, lakini kutoka Gongoni mpaka daraja la Sabaki kona kali ziko wapi? Nami ndo nilivyojiuliza, manake barabara ile imenyooka sana. Jibu lilikuwa kwenye tairi. Nyuma alikuwa ametia 7.50R16 mpya kabisa, mbele kabakisha za zamani zilizokaribia upara. Tofauti ya kimo cha meno ni kama milimita 10. Tairi hizo nusu ya kimo chake ni milimita 390 hivi, kwa hivo za mbele zilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 2.5, na tairi ndogo lazima izunguke zaidi ili itembee masafa yaleyale. Kila kilomita 1 ya barabara iliyonyooka kama rula, mbele na nyuma zinapishana kama mita 25. Na zinapishana upande uleule wa kona, yaani mbele inataka kuzunguka zaidi kuliko inavyoruhusiwa, mambo mawili yakajumlishana badala ya kupunguzana. Nina hakika tairi zilikuwa zikijikwangua njia nzima, ila gari ya mzigo ina kelele, madirisha wazi, redio, asingesikia.

Alikuja kusikia mjini. Raundabauti usukani mzito, ukiuachilia unarudi kwa nguvu, chini kunalia kama kitu kinakatika. Kwenye kituo cha mafuta akakata kona kali polepole na gari ikawa inakaba yenyewe kama imekanyagwa breki. Ndo akakumbuka leva, akataka kuirudisha H2, haiji. Akatumia mikono miwili, haiji. Habu nazo kuzizungusha kwa mkono haziendi.

Fundi wake akamwambia nilikwambia, transfa.

Nilipoitwa nilikuta gari bado haijafunguliwa bolti, alhamdulillahi, lakini kopo la kumwagia oil lilishawekwa chini. Nikamuomba yule fundi, ambaye ni mtu mzima na namheshimu, "Mzee, tuipe dakika kumi kwanza, ikikataa tutaishusha pamoja." Akakubali, shingo upande.

Leva kukwama katika hali ile maana yake ni kwamba kile kipete kinachounganisha propela mbili kimebanwa na msokoto, meno yanasukumana kwa nguvu kiasi kwamba hakiwezi kuteleza. Ukilazimisha utapinda fito za leva. Dawa ni kuondoa msokoto. Njia ya kwanza ni kurudi rivasi kwa mstari ulionyooka, manake ulichosokota ukienda mbele kinafunguka ukirudi nyuma, na mtu mwingine awe ameshika leva akiisukuma kidogo tu kuelekea H2, dereva anakanyaga na kuachia mafuta kwa upole. Kwenye sakafu ya gereji haikukubali. Tukaitoa nje kwenye mchanga wa kando ya barabara, rivasi mita chache, ikalia "tak" na leva ikaja kwa kidole. Njia ya pili ni kupiga jeki tairi moja ya mbele mpaka iachie chini, msokoto unaisha ghafla. Inafanya kazi lakini siipendi kwa gari iliyosokotwa sana, tairi inaweza kuruka kuzunguka na mkono wako uko karibu, basi ukiifanya weka mawe tairi nyingine zote na usisimame mbele yake.

Baada ya hapo tukairudisha ndani tukaipima, manake kutoa leva si ushahidi kwamba transfa ni nzima. Hiki kipimo ndo nataka watu wakishike, kwa sababu kinakueleza pia una transfa ya aina gani hata kama maandishi yote yamefutika na umeuziwa gari na mtu asiyejua.

Zima injini, giaboksi huru, mawe ya maana kwa tairi za nyuma, piga jeki tairi moja ya mbele, funga habu zote mbili kama zipo. Leva ikiwa H2, ukizungusha ile tairi kwa mkono lazima uone propela ya mbele inazunguka nayo. Kama tairi inazunguka na propela imelala, habu haishiki au hafu shafti imekatika, transfa haihusiki. Halafu ingiza H4, jaribu tena. Kama ni transfa ya kufunga kama hii ya 75, tairi itacheza kidogo tu igome, manake imefungwa na propela ya nyuma iliyoshikwa na tairi zilizo chini. Ikiendelea kuzunguka bure basi sasa ndo unaweza kumwambia fundi ashushe transfa. Lakini kama gari yako ni ya fowili ya wakati wote, yenye difu ya katikati, tairi itazunguka ukiwa nafasi ya kawaida, na itagoma ukifunga difu ya katikati. Kwa hiyo kugoma au kutogoma kunakwambia kama waweza kukaa nayo lamini.

Yake ikagoma H4, ikawa huru H2. Nzima.

Na kwa walio na gari nyingine, kwa sababu Malindi hizi zote tunazo. Land Rover za Series zina leva ya kichwa chekundu na kitufe cha kichwa cha njano. Ya njano ukiibonyeza chini unapata fowili ya gia ya kawaida, nyekundu ukiivuta nyuma, gari ikiwa imesimama, unapata gia nzito na fowili inaingia yenyewe. Ya njano haitoki kwa kuvutwa, kuna watu wameivuta mpaka fito ikapinda. Unavuta nyekundu nyuma halafu unairudisha mbele, njano inaruka juu. Hiyo nayo ni ya kufunga, haitaki lami. Lakini One Ten iliyotoka 1983 na Defender zilizoifuata, nyingi ni za wakati wote, leva moja ya transfa, ukiipeleka kushoto unafunga difu ya katikati. Kwa hivo Land Rover mbili zimesimama pamoja, sura karibu moja, dereva wa hii akipanda ile atafanya kosa lilelile la kijana wa Pajero. Land Cruiser 80 nayo iko ya aina mbili, kama leva imeandikwa H2 na H4 ni ya kufunga, kama imeandikwa H, N na L tu ni ya wakati wote. Suzuki ndogo za SJ ni za kufunga. Ile bati ya Toyota kwenye chumba cha injini itakwambia modeli, injini, giaboksi na ekseli, inasaidia kununua vipuri, ila haikupunguzii kulala chini ya gari na tochi.

Jambo moja la hatari nimelitaja kwa kupita, nalirudia. Ile N ya transfa. Ukiegesha gari kwenye mteremko, ukaiacha kwa gia ya kwanza ukitegemea injini ishike, na leva ya transfa iko N, gari haishikwi na kitu ila hendibreki. Kwa gari za zamani hendibreki yenyewe ndo hiyo unayoijua. Na kwa Land Rover za Series hendibreki iko nyuma ya transfa, inashika propela na si tairi, kwa hivo ukipiga jeki tairi moja ya nyuma gari inaweza kutembea na hendibreki imevutwa. Mawe, kila mara.

Kilichofanyika mwisho kwa hii pikapu hakikuwa kikubwa. Habu zote mbili zilifunguliwa zikasafishwa, ya kulia ilikuwa na mchanga na grisi iliyoganda mpaka kitufe kikawa hakifiki mwisho, tukatia grisi mpya kidogo, si kuijaza. Tairi za mbele amenunua mbili mpya za saizi na aina ileile ya nyuma. Kwa leva tukabandika karatasi ya gundi yenye mpangilio wake, H2 H4 N L4, mpaka apate kichwa chenye maandishi. Utaratibu wake sasa akitoka Gongoni kuelekea Ngomeni anasimama, anafunga habu zote mbili, anabaki H2. Akiona mchanga umeanza kuwa mwepesi anaachia mafuta na kuvuta H4 gari ikitembea polepole na usukani umenyooka, L4 ni mpaka asimame kabisa. Akirudi lamini H2 kwanza, rivasi kidogo, halafu habu FREE.

Kilichobaki ni oil. Tulipofungua tundu la kupimia la transfa tulikuta iko chini kidogo, na ya giaboksi imezidi mpaka ikamwagika tulipofungua. Hiyo ni dalili ya sili iliyo kati ya giaboksi na transfa kupitisha oil upande wa pili, ugonjwa wa kawaida kwa Land Cruiser hizi, na ndo kazi pekee katika kisa hiki ambayo itataka transfa ishushwe kweli. Lakini si ya leo wala ya dharura, mradi oil zote mbili zipimwe mara kwa mara na transfa iongezwe ikipungua. Fundi wake ameshakubali ataifanya siku klachi itakapofika wakati wa kubadilishwa, vyote vishushwe mara moja.